Hakimu Aliyekiri Kosa Mbele ya Wanafunzi Wake

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika mji wa Hamadani, nchi ya Uajemi, palikuwa na tabibu mcha Mungu, Hakimu Shahriyar, kwani huko tabibu huitwa hakimu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Miaka ishirini alifundisha tiba ya Waajemi katika nyumba ya wagonjwa, na wanafunzi walimjia kutoka miji ya mbali. Sifa yake kubwa ilikuwa vidole vyake. Alishika mshipa wa mgonjwa akaitambua mizaji yake, yaani hali ya mwili wake, ya joto au ya baridi, kabla mgonjwa hajafungua kinywa.

Mwaka mmoja wa njaa, majira ya baridi, aliletwa mfinyanzi aitwaye Dadbeh, ana kizunguzungu na tumbo linawaka moto. Hakimu akamshika mkono, wanafunzi wamemzunguka.

"Ini limepata joto," akasema. "Mpeni siki iliyochemshwa kwa asali, na asile nyama wala mkate siku tatu."

Mwanafunzi mmoja, Mahyar, akauliza kwa adabu, "Maulana, tusimuulize kwanza amekula nini?"

"Mshipa umekwisha kuniambia," akajibu Hakimu. Wengine wakacheka, Mahyar akainamisha kichwa.

Siku ya tatu mfinyanzi hakuweza kuinuka. Hakimu akaushika tena ule mshipa, akaukuta mwembamba kama uzi, naye akaingiwa na hofu. Akamwita mke wa mgonjwa, Bibi Mahin, akamuuliza lile alilopaswa kuuliza mwanzo.

Yule mama akajibu, "Bwana Hakimu, tuna watoto wanne na unga kidogo. Kila siku mume wangu alisema amekwisha kula kwa jirani. Jana jirani aliniambia hajaonja kitu kwake."

Kumbe maradhi yalikuwa njaa, na Hakimu alikuwa ameizidisha. Akaketi sakafuni, akamnywesha mfinyanzi mchuzi wa kuku kijiko kwa kijiko, na kazi ile hakumwachia mtu.

Msimamizi wa nyumba ya wagonjwa akamnong'oneza, "Waambie wanafunzi maradhi yaligeuka. Ukisema vingine, nani atakaa kusoma kwako?"

Maneno yale yalimvutia Hakimu, maana jina lake lilikuwa limemchukua umri mzima kulijenga. Hata hivyo, baada ya sala ya adhuhuri aliwakusanya wanafunzi wote.

"Maradhi hayakugeuka," akasema. "Nilikosea. Mtu huyu aliwapa wanawe chakula chake, nami nikamnyima hata kile kidogo alichobaki nacho, kwa kuwa nilipenda mnistaajabie. Mahyar aliuliza swali la tabibu, nami nikamjibu kwa kiburi. Namwomba msamaha mbele yenu."

Wanafunzi saba walifunga mizigo wakaenda kutafuta mwalimu mwingine. Hakimu hakuwazuia.

Dadbeh alisimama kwa miguu yake siku ya kumi na mbili. Hakimu alipomtaka radhi, mfinyanzi alimshika mkono akasema, "Nami unisamehe, Hakimu. Siku ile nilimshukuru Mungu kwamba hukuniuliza. Niliona haya." Wakalia wote wawili, na tangu hapo unga haukukosekana nyumbani kwa mfinyanzi mpaka mavuno.

Basi, ndugu zangu, elimu ni amana, na aliyepewa hakukingwa na kosa. Hakimu yule alipoteza wanafunzi saba, akaiokoa roho moja pamoja na yake mwenyewe. Mola atujaalie kukiri makosa yetu ungali upo wasaa wa kuyatengeneza.