Bendera ya Kozi

Kaeni vizuri, wanangu, na atakayesinzia asije akaniuliza kesho. Palikuwa na mfalme mwenye bendera ya ndege kozi, na sheria yake ilikuwa moja tu: ipandishwe mfalme akiwamo ndani, akitoka ishushwe. Aliyeishona na kuipandisha alikuwa Mwanashee, mjane.

Siku moja likaja zimwi, likavunja lango la kwanza la jumba. Mfalme huyoo, mlango wa nyuma! "Mwanashee, pandisha bendera! Lidhani nimo, liogope!"

Akapandisha. Bendera ikaning'inia kama tambara la jikoni. Zimwi likavunja lango la pili. Akaishusha, akapandisha tena, kozi kimya. Likavunja la tatu, na watu waliojificha ndani wakaanza kulia.

Mwanashee akaishika kamba mara ya tatu. "Ee kozi, mfalme hayumo. Nimo mimi, na sitoki."

Upepo hakuna, lakini bendera ikakunjuka pwaa! Kozi akachomoka kwenye kitambaa, akalidonoa zimwi macho yote mawili. Likakimbia likigonga miti, likapotea. Kozi akarudi kitambaani, bendera ikazidi kupepea.

Jioni mfalme akarejea, kifua mbele. "Nimerudi. Wewe toka, nenda kwako."

"Haya, bwana wangu."

Mwanashee akavuka kizingiti. Bendera ikanywea pale pale.

Watu wakaitazama bendera, wakamtazama mfalme. Wakamfungulia mlango ule ule wa nyuma.