Unyayo wa Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa jabali, na juu ya jabali pakawa na wenyewe. Sogeeni motoni, na mwenye kukohoa akohoe sasa.

Hapo kale, kale sana, palikuwa na pimbi msichana, jina lake Mbeyu. Aliishi majabalini na mama yake, na mama alikuwa amejifungua pacha. Maji yao yalikuwa ya ngurunga, lile shimo la mwambani linalohifadhi mvua. Mwaka huo mvua haikuja. Ngurunga ikakauka, na maziwa ya mama nayo yakaanza kukauka. Pacha wakalia siku ya kwanza, wakalia siku ya pili. Siku ya tatu hawakulia tena. Hapo Mbeyu akashuka bondeni.

Bondeni palikuwa na chemchemi, nayo imezungushiwa boma la miiba. Mlangoni amesimama Nungunungu.

"Shikamoo, Askari Nungunungu. Naomba maji ya mama."

"Marahaba. Sheria inasema chemchemi ni ya wanyama wa mbugani. Pimbi wana ngurunga yao."

"Ngurunga imekauka."

"Pole, mwanangu. Mimi natekeleza sheria, sikuitunga. Nenda kwa Hakimu Kobe."

Mbeyu akaenda, akaenda, akaenda, hata kwa Hakimu Kobe. Kobe akatoa shingo yote nje, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Umesema kweli tupu," akasema. "Lakini mimi napima jambo kwa sheria iliyopo, na kwa sheria hiyo Nungunungu hakukosea. Iliyokosea ni sheria yenyewe. Nenda kwa Bibi Tembo."

Mbeyu akaenda, akaenda, akaenda, hata kwa Bibi Tembo, mtawala wa bonde zima. Aliona miguu tu. Kichwa kilikuwa huko juu, karibu na mawingu.

"Shikamoo, Bibi. Unyayo wako mmoja unatosha kuvunja lile boma. Livunje, Bibi! Wadogo zangu wanakufa."

Bibi Tembo akapiga magoti taratibu, hata jicho lake likawa sawa na uso wa Mbeyu. Jicho lile lilikuwa limelowa.

"Naweza kulivunja leo, mjukuu wangu. Na siku nikikasirika, nani atanizuia nisivunje nyumba yako kwa unyayo huohuo? Panda mgongoni. Nikuonyeshe kitu kinachonishinda nguvu."

Akampeleka Uwanja wa Udongo.

Uwanja ulikuwa mpana kama ziwa, mwekundu, na wote umejaa nyayo. Nyayo za twiga, nyayo za nyati, nyayo za sungura, hata vinyayo vya panya, vimepangana kama shanga.

"Sheria zetu zinazaliwa hapa," Bibi Tembo akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliye ugenini. "Kila mwezi uandamapo tunakanyaga. Wanaotaka sheria, mashariki. Wasiotaka, magharibi. Korongo ndiye karani, yeye huhesabu. Unyayo wangu ni mmoja. Wa panya ni mmoja."

Mbeyu akaona sehemu moja iko tupu, laini, haina hata alama. Korongo alikuwa akiimwagia maji kwa mdomo wake.

"Hapa ni pa nani?"

"Ni penu, pimbi," Korongo akajibu. "Babu yangu alipalowanisha, baba yangu alipalowanisha, nami napalowanisha. Hajaja mtu."

Miaka yote hiyo! Mbeyu akaweka mguu wake, akauinua. Vidole vinne, vidogo, wazi kabisa.

"Mwezi unaandama kesho," Korongo akasema. Akamkatia bonge la udongo lenye ule unyayo, akampa na kibuyu cha maji kutoka fungu lake mwenyewe. "Haya yatamfikisha mama yako kesho tu. Kimbia."

Majabalini pimbi wakamcheka.

"Tukakanyage, sisi?" akasema Mjomba Kitwana. "Tazama mwamba huu, mpwa wangu. Tumeukanyaga tangu enzi za mababu. Umewahi kuona alama yetu hata moja? Sisi hatuachi nyayo. Hatuhesabiki."

Mbeyu akaliweka lile bonge la udongo mbele ya Mjomba.

Mjomba akalinusa. Akaweka mguu wake juu ya ile alama. Ukatoshea.

"Kumbe!" akanong'ona. "Kumbe shida ilikuwa jiwe!"

Kesho yake wakashuka wote, vikongwe wakibebwa. Uwanjani Mbeyu akaomba sheria mpya, nao pimbi wanywe chemchemini. Nyati akafoka, "Hawa wadogo watatuchafulia maji!"

"Mzee Nyati," Mbeyu akasema, "anayeoga humo si wewe?"

Wanyama wakaangua kicheko. Kisha wakakanyaga. Korongo akahesabu mara moja, akahesabu mara mbili, akahesabu mara tatu. Mashariki ikazidi kwa nyayo tatu. Sheria mpya ikazaliwa: asubuhi wanywe wa majabalini, kuanzia adhuhuri wanywe wa mbugani.

Nungunungu mwenyewe akaiondoa miiba. "Pita, mama. Si nilisema mimi natekeleza?"

Mama akanywa. Jioni ile pacha wakalia, wakapiga makelele ya kutaka maziwa, na majabali yote yakaitikia. Pimbi wakakaa kuyasikiliza.

Ndiyo maana hata leo nyayo za pimbi zina unyevu. Yuko tayari kwa mwezi mwandamo.

Nanyi mnaonisikiliza, kumbukeni: usilie mlangoni kwa askari ukadhani umemaliza. Ulizia sheria inazaliwa wapi, uende na wenzako, mkanyage. Nafasi yako ipo, na mtu anailowanisha.

Hadithi yangu nimeiacha pale udongoni ikauke. Asiyeamini akamkamate pimbi amtazame miguu, na aking'atwa kidole asije kwangu. Aende kwa Hakimu Kobe.