Kikombe Kinachomfaa Sultani

Hapo zamani, wakati bibi wa bibi yangu bado anafungwa ushungi na mamaye, palikuwa na mji ukiitwa Uziwani, na mji huo ulikuwa na Sultani wake, jina lake Nasri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na tumbo tu. Tabibu alisema tumbo hilo lahitaji mvinyo kidogo kama dawa, basi ikawa tumbo la Sultani ni zima asubuhi, ni zima adhuhuri, likifika magharibi laugua.

Siku moja merikebu ya Wafaransa ikatia nanga, akashuka mtu mwembamba mwenye masharubu yaliyopakwa nta, na nyuma yake wachukuzi wamebeba makasha ya chupa. Alipoulizwa kazi yake akasema yeye ni mnyweshaji. Kwao, akasema, mtu hajinywei ovyo. Yuko mjuzi asimamaye karibu na chakula, humtazama mgeni usoni, akatazama na kilichopakuliwa, kisha humchagulia mvinyo umfaao yeye na chakula kile, asipewe mwingine. Jina lake Gaspari, na watu wakamwita Musiyu Gaspari. Sultani akafurahi mno, akasema, "Huyu ndiye tabibu niliyekuwa nikimtafuta."

Lakini Musiyu akalionja jua la Uziwani. Akashika chupa zake, akaziona zina joto kama mayai yanayoatamiwa. Akasema, "Seyyid, mvinyo ukipata joto umekufa." Akazunguka mji akitia mkono katika kila kisima, hata akafika Mtaa wa Chini, penye Kisima cha Mawe, ambacho maji yake yalikuwa baridi ya kuuma meno. Akasema, "Hapa." Sultani akapiga muhuri. Kesho yake chupa zikateremshwa kisimani ndani ya nyavu, zikaning'inia, na askari wawili wakakaa ukingoni na mikuki yao, kwa maana ndoo ya mtu ikigonga chupa, chupa itapasuka. Basi watu wa Mtaa wa Chini wakawa hawana pa kuteka ila shimo la mikokoni, na maji ya mikokoni, jamani, nusu ni chumvi na nusu ni tope.

Katika mtaa huo alikaa Vuai, mjaza mito. Kazi yake ilikuwa kupiga sufi na kuijaza katika mito na magodoro, na kwa kuwa mto ukijazwa vizuri hudumu, na yeye alijaza vizuri, hakuwa na kitu. Watu wakimwita punguani, sababu neno lolote aliloambiwa alilichukua kama lilivyo. Tajiri mmoja aliwahi kumwambia, "Niletee godoro langu, wala usisimame njiani kwa mtu yeyote." Vuai akajitwika godoro, akapita penye mchoma mahindi, cheche ikalirukia. Watu wakapiga kelele, "Vuai, simama! Vuai, godoro laungua!" Vuai hakusimama. Alimfikishia tajiri moshi.

Sasa jioni moja mkewe, Bi Mize, akamwekea bakuli mbele.

"Baba Siti, hebu onja uji huo."

Vuai akaonja. "Una chumvi."

"Sikutia chumvi."

"Basi umejitia wenyewe."

"Umejitia! Na mwanao je, vipele amejitia mwenyewe? Tangu nimwogeshe maji yale hana mahali pa kumshika, hajui usingizi, nami sijui. Leo nimekwenda kwa askari, nikamwambia, baba, nichotee kata moja tu, kata moja, nimwogeshe mtoto. Unajua kanijibu nini? 'Mama, ondoka hapa na kelele zako, chupa zimelala.'"

"Zimelala?"

"Zimelala! Chupa za Sultani zina usingizi kuliko mwanangu!"

Vuai akamtazama mtoto, akamaliza uji wake wa chumvi.

Haukupita muda akaja mjumbe wa Sultani. Kutakuwa na karamu, wageni wataegemea, na matakia ya jumbani yamelala kama mikate isiyoumuka. Vuai akaenda akayajaza sufi mpya, akaamriwa akae kando ya ukuta karamu ikiendelea, takia likibonyea alinyanyue.

Basi akaketi, akaona. Masinia yakaletwa, wageni wakanawishwa mikono, na Musiyu Gaspari akaanza kuzunguka na chupa zake zilizotoka kisimani zikitoka jasho. Kwa samaki wa kupaka alimwendea Waziri, akamkazia macho kama anayetafuta kibanzi katika jicho, akasema, "Wewe, bwana, nje una subira, ndani una haraka. Na samaki huyu ana nazi nzito. Kwako ni huu mweupe. Nusa kwanza. Utakuta jiwe lililonyeshewa mvua."

Waziri alikuwa na mafua. Akanusa, akafumba macho, akasema, "Naam. Jiwe. Mvua naisikia kabisa. Na kwa mbali, kama sikosei, tandiko la farasi." Kisha akapiga chafya.

Alipofika kwa Kadhi, Kadhi akainua kiganja. "Mimi usinitazame." Lakini Musiyu alikuwa mtu wa kazi yake. Alikwisha mwandalia sharubati ya komamanga, akamweleza komamanga lile liliota upande wa mti uliotazama mashariki, linafaa pilau na linafaa mtu mwadilifu. Kadhi akaonja akasema upande wa mashariki ni kweli wajitambulisha, akaomba aongezwe. Na Sultani kila chupa ilimfaa.

Ikawa Vuai ananyanyua takia la Waziri, akauliza kwa sauti yake ya kawaida, "Bwana Waziri, samahani, ni jiwe la kinu au jiwe la kizingiti?"

Watu wakaacha kutafuna. Sultani akasema, "Nani huyo?"

"Lebeka. Ni mimi Vuai, mjaza mito."

"Wawacheka wageni wangu?"

"Hasha, Seyyid. Nauliza nipate kujua. Ikiwa jiwe lililonyeshewa ni tamu hivi, mimi ninalo moja mlangoni, limenyeshewa masika yote, na tumekuwa tukilikanyaga tu."

Mmoja akacheka kwa pua. Sultani akasikia, naye tumbo lilikuwa limekwisha kunywa dawa nyingi, akaghadhibika. "Haya! Wewe mwenye ulimi mrefu, tutakujaribu huo ulimi. Musiyu huchagulia watu vinywaji vya nchi yake. Wewe utanichagulia mimi kinywaji cha nchi yangu. Kisiwe cha mkono wa mtu mwingine ila mkono wangu mimi. Kimfae Sultani, wala kisimfae mwingine. Na kila akinywaye, kabla hajasema kitamu au kichungu, anitaje mimi kwanza. Ijumaa ijayo, hapa hapa. Ukikosa, wewe na mkeo na mwanao mtatoka katika mji huu na mito yenu vichwani."

"Nikikileta, Seyyid?"

"Nitakinywa hata tone la mwisho mbele ya wageni hawa, nawe utaomba utakalo."

"Nimesikia," akasema Kadhi, akifuta komamanga mdomoni.

Wageni wakanong'ona kwamba mtu yule amekwisha, kwa maana mkono wa Sultani haukuwahi kukamua hata ndimu. Kazi pekee uliyoijua mkono ule ilikuwa kupiga muhuri.

Vuai akarudi kwake, akamweleza mkewe. Bi Mize akalia, akakusanya nguo za mtoto, akazitawanya, akazikusanya tena. "Tutakwenda wapi na mtoto mwenye vipele? Nani atatupokea? Si ungenyamaza? Kila mtu alinyamaza, wewe peke yako ndiye uliyetaka kujua habari za mawe?" Koo likamkauka kwa kulia. Akachota kata ya maji ya mikokoni, akapiga funda, akakunja uso, na yale aliyoyasema hapo aliyasema kwa uchungu wa mama, nami siyarudii.

Vuai akamtazama. "Mke wangu, kunywa tena."

"Una wazimu?"

"Funda moja tu."

Akanywa, akasema tena maneno yale yale. Vuai akatoka, akasimama kwenye njia ya mikokoni, akawaangalia majirani wakinywa mmoja mmoja. Akarudi akalala usingizi mzuri, na asubuhi akaenda kuazima birika.

Ijumaa ikafika, wageni wakakaa, wakanawishwa mikono. Vuai akaingia amekumbatia birika iliyofungwa sufi na kitambaa kama kichanga. Wakaanza kucheka.

"Mbona umeifunika hivyo?" akauliza Sultani.

"Imelala, Seyyid."

Akaifungua taratibu, akamimina kikombeni. Kilitoka kitu cha rangi ya chai iliyosahauliwa. Akamkazia Sultani macho kama alivyomwona Musiyu akifanya, ila yeye alikaza zaidi, mpaka Sultani akajipangusa uso akidhani ana punje ya wali.

"Seyyid," akasema Vuai, "kinywaji hiki ni cha nchi yako. Kimetoka upande wa mji unaotazama matope. Chakula chake ni muhogo wa jana."

"Mnyweshaji aonje kwanza," akasema Waziri.

Musiyu Gaspari akakipokea. Naye, kama nilivyosema, alikuwa mtu wa kazi yake; kinywaji kikiwa mkononi hakujua kusema uongo. Akakizungusha, akakinusa, akatia ulimini. Masharubu yakamcheza. "Chumvi," akasema. "Tope la mkoko. Majani yaliyooza, ya mwaka huu. Kamba kuukuu ya ndoo. Na mwisho wake..." Akangoja, wote wakangoja. "Mwisho wake ni mrefu sana. Bado haujakoma. Seyyid, tangu nianze kazi hii sijaonja kitu chenye mwisho mrefu kama huu."

"Haya ni maji ya mikokoni!" akasema Waziri, ambaye alikuwa amepona mafua.

"Ndiyo, bwana Waziri."

Sultani akasema, "Nilisema kiwe cha mkono wangu. Maji ameumba Mwenyezi Mungu!"

"Kweli, Seyyid, na akaumba na ya Kisima cha Mawe, ndiyo tuliyokuwa tukinywa. Hayo ni kazi yake. Kutunywesha haya ni kazi ya mkono wako, ndio uliopiga muhuri. Mtu mwingine hakutia wake."

Kadhi akaitikia kwa kichwa polepole. "Sharti la kwanza limesimama."

"Na la pili, yamfaa Sultani wala hayamfai mwingine. Tumemjaribu mtoto wangu, hayamfai, ana vipele. Tumejaribu wazee, hayawafai. Tumejaribu uji, haukuyataka. Mtaa mzima hatujaona ambaye yanamfaa. Aliyebaki ni wewe."

Sasa hakuna aliyekuwa akicheka. Sultani akatazama kikombe. "Na la tatu? Kila akinywaye anitaje kwanza. Hilo utalithibitisha vipi? Huyu Mfaransa amekunywa, na neno lake la kwanza lilikuwa chumvi."

"Musiyu ni mgeni, Seyyid, anakaa jumbani, anakwenda kulala na kinywa safi. Sisi wenyeji hukutaja wewe kabla hatujameza. Wanaume hukutaja, wanawake hukutaja zaidi. Bi Kirembwe, mzee wetu, asiye na meno, hukutaja wewe na wazee wako."

"Hunitajaje?"

"Adabu hainiruhusu, Seyyid. Masharti yalisema utajwe tu, hayakusema vipi."

Sultani akaona wageni wote wanatazama pilau. Neno alikwisha litoa mbele yao, basi akakinyakua kikombe, akakimimina kinywani chote kwa mara moja kama atakaye kumaliza jambo. Macho yakamtoka. Shingo ikajikunja. Akakiweka kikombe kwa kishindo, akapiga kelele, "Alaaniwe! Ni nani huyu aliyewapa watu wangu uchafu kama huu wanywe?"

Mpepeaji akasimamisha pepeo.

Kadhi akakohoa. "Sharti la tatu limetimia," akasema. "Hata Sultani, alipokunywa, kwanza amemtaja Sultani."

Sultani Nasri akamtazama Kadhi, akamtazama Vuai, akakitazama kikombe. Halafu bega likaanza kumtikisika, kisha tumbo, akacheka huku anajifuta ulimi kwa kilemba, na wageni walipoona ni ruhusa wakacheka nao, Waziri kupita wote.

"Omba, Vuai. Wataka nini? Nyumba? Kazi ya jumbani?"

"Nataka ndoo yangu iingie kisimani, Seyyid, na ya jirani yangu."

"Hiyo tu?"

"Na chupa ziamshwe."

Basi usiku ule ule askari wakaondolewa, nyavu zikavutwa, na kabla ya kulala Siti akaogeshwa maji ya Kisima cha Mawe, akapiga kelele kwa ubaridi wake, kisha akalala hata mchana.

Ama tumbo la Sultani, kwa kikombe kile liliugua kweli, na mara hii halikungoja magharibi. Tabibu akaitwa, akalibonyeza, akasema mvinyo mwiko. Dawa yake ni maji safi ya Kisima cha Mawe, yatekwe kila asubuhi. Mtumishi wa Sultani akaja mbio kisimani na ndoo ya shaba, akataka kupenya mbele ya waliokuwa wakingoja. Bi Kirembwe akamshika kanzu.

"Wewe, kaa nyuma ya huyo mama. Zamu yako haijafika."

"Bibi, ni maji ya Sultani haya!"

"Najua, mwanangu. Ya kwake tumekunywa sana. Haya ni yetu, atakunywa zamu yake ikifika."

Akarudi nyuma. Na siku nilipopita mimi nilimwona bado yuko kwenye zamu, amewekewa mto wa sufi akalie, na mbele yake wamebaki watu wachache tu.