Fulana Isiyo na Chumvi

Ndugu zangu, najua swala imekwisha na kila mtu anazitafuta kandambili zake kwa macho. Kaeni kidogo. Nina kisa kimoja, si kirefu, na nadhani kina mama kule nyuma ya pazia watakielewa kabla yetu sisi wanaume. Mtaona wenyewe kwa nini.

Alikuwapo muuza mchele mmoja, mtu mwema, mcheshi, mwenye duka lake sokoni. Kazi yake yote aliifanya amekaa. Anapima mchele amekaa, anabishana na wateja amekaa, na chakula cha mchana analetewa hapo hapo juu ya gunia. Mwili nao ukaitikia. Tumbo likatangulia, mwenyewe akawa analifuata nyuma. Naona kuna mtu pale kwenye nguzo anaivuta vuta kanzu yake. Tulia, babu, sijakutaja.

Basi yule bwana akaanza kuona kiu isiyokwisha, na ganzi kwenye vidole vya mguu. Akaenda hospitali na mkewe, wakaambiwa ni sukari, tena iko juu. Daktari akampa vidonge, akamwambia, "Mzee, dawa itakusaidia, lakini peke yake haitafika mbali. Kila asubuhi toka, utembee mpaka jasho likutoke. Usipofanya hivyo, mguu huu utakuja kututia wote kwenye mtihani."

Sasa mjue kwamba bwana huyu alikuwa na kaka yake aliyekatwa mguu kwa ugonjwa huo huo, na mwaka haukwisha wakamzika. Mkewe ndiye aliyempikia uji marehemu siku zake za mwisho. Kwa hiyo yule mama aliujua mwisho wa ugonjwa huo. Walipofika nyumbani akampa mumewe maji ya kunywa, akakaa mkekani mbele yake.

"Baba Mwanaidi," akasema, "tangu unioe sijakuomba mengi."

"Kweli kabisa, hujaniomba mengi."

"Basi leo nakuomba hili moja. Tembea. Mwanaidi ameolewa, yuko mbali, tumebaki mimi na wewe. Nyumba hii ni kubwa mno kwa mtu mmoja."

Mmeyasikia maneno hayo? Hakumwambia amenenepa, wala hakumkaripia. Alimwambia anaogopa kubaki peke yake. Yule bwana yalimwingia. Alimpenda mkewe, tena sana, na akamwahidi kwa moyo mweupe: kuanzia kesho.

Mama wa watu akatoka siku ile ile, akamnunulia raba na fulana nyeupe. Asubuhi, baada ya swala ya alfajiri, mzee akaingia barabarani. Mwisho wa mtaa wao kulikuwa na kona. Ukikata kulia unapanda njia ya kilimani inayokwenda kwenye matangi ya maji. Ukikata kushoto unafika barazani kwa muuza kahawa. Mzee akakata kulia, akapanda, akahema, akashika kiuno, akamwita Mola wake, na akafika. Aliporudi, fulana imemganda mgongoni kwa jasho. Mkewe alimpokea mlangoni kama anapokea hujaji!

Na hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu ya furaha. Yule mama alifurahi hata akashindwa kujizuia. Akamwambia jirani, jirani akawaambia wenzake kwenye chama chao cha wanawake, na kabla wiki haijaisha mtaa mzima unajua. Watoto wanaokwenda chuoni kusoma Kurani wakimwona wanapiga kelele, "Mzee Mazoezi! Mzee Mazoezi!" Naye anawapungia mkono kama kiongozi kwenye sherehe.

Halafu siku moja ikanyesha mvua. Akasema moyoni, leo hapana, utelezi. Kesho yake miguu ilimuuma, akasema nipumzike kidogo. Siku iliyofuata akaona uvivu. Lakini ataanzaje kumwambia mkewe? Na wale watoto je? Kwa hiyo akavaa raba zake, akavaa fulana yake, akaaga vizuri, na alipofika kwenye kona akakata kushoto.

Kwa muuza kahawa kulikuwa na raha yake. Kahawa ya moto, kashata za karanga, habari za mpira, na wazee wenzake wanaojua kila kitu kuhusu kila nchi. Kashata, jamani! Mtu ana sukari! Muda wa kurudi ulipokaribia ndipo akakumbuka kwamba fulana ni kavu. Atafika nyumbani mkavu vipi, mtu aliyepanda kilima?

Nyuma ya karakana ya seremala palikuwa na bomba. Akachungulia huku, akachungulia kule, akafungua maji. Akajipaka kifuani, akajipaka makwapani, akajimwagia mgongoni. Akatembea taratibu mpaka karibu na kwao, kisha mlango ulipoonekana akaanza kukimbia na kuhema, "Hah! Hah! Hah!" Mkewe akafungua, akamwambia, "Pole, mume wangu, pole kwa mazoezi." Akampa kanga ajifutie, akachukua fulana akaiweka kwenye beseni.

Kina mama mmeshaanza kucheka. Nawasikia. Wanaume bado tunauliza, kuna nini?

Ikawa hivyo kila siku. Na mtu huyu, nawaambieni, hakukosa hata asubuhi moja. Kuna mvua, ametoka. Kuna baridi, ametoka. Siku ya Idi watu wamelala, yeye na raba zake mlangoni. Siku akiwa na mafua, mkewe anamwambia apumzike, yeye anajikaza kisabuni, "Hapana, mazoezi ni mazoezi!" Anakwenda kwenye kahawa.

Ikafika siku ya kurudi hospitali. Wakapima, sukari haikushuka, bali imepanda. Daktari akashangaa.

"Mzee, unatembea?"

"Kila siku, daktari. Muulize mama."

Daktari akamtazama mama. Yule mama akatazama chini, akakunja kunja ncha ya mtandio wake. Daktari akadhani ni haya ya kina mama. Akasema, kama mtu anatembea kila siku na sukari haishuki, basi dawa haimtoshi. Akamwongezea dawa. Yule bwana akatia vidonge mfukoni na kutoka, lakini safari hii ganzi ilikuwa imefika kwenye unyayo, na moyoni alikuwa na hofu asiyoweza kumwambia mtu, maana ataanzia wapi?

Ataanzia wapi! Hilo ndilo lililokuwa likimla. Kila alfajiri aliamka akisema leo nitakata kulia. Kila alfajiri kona ikamshinda.

Basi asubuhi moja, baada ya kahawa na kashata zake, akaenda kwenye bomba la seremala. Akafungua. Halikutoa kitu. Akazungusha huku na huku, likakoroma kidogo likanyamaza. Maji yamekatika mji mzima. Mzee akachanganyikiwa. Jua linapanda, mkewe anamngoja, fulana kavu. Akarudi mbio kwa muuza kahawa, na pale chini ya benchi akaiona ndoo ya kusuuzia vikombe. Muuza kahawa alipogeuka kupuliza makaa, mzee akachota kwa mikono miwili. Kifuani, makwapani, mgongoni, haraka haraka, kisha huyo akatoka shoti.

Akafika mlangoni. "Hah! Hah! Hah!"

Mkewe akafungua mlango. Akamtazama usoni, akamtazama kifuani. Akamzungusha taratibu kwa bega, akamtazama mgongoni. Ile fulana nyeupe ilikuwa na mabaka ya rangi ya udongo kutoka shingoni mpaka kiunoni, na inanukia tangawizi.

"Baba Mwanaidi," akasema, "leo jasho lako limetoka jeusi."

Mzee akajitazama. 

Yule mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kizingitini, akacheka akijipiga mapaja, machozi yakamtoka. Mzee naye, kwa aibu, akatabasamu kidogo, akidhani mambo yataishia hapo. Mara akaona yale machozi hayakauki na kicheko kimekwisha zamani. Mkewe alikuwa analia.

Akakaa kando yake pale pale kizingitini. "Nisamehe," akasema. "Leo ndiyo nimekudanganya vibaya."

"Leo?" mkewe akasema. "Mume wangu, nimekufulia nguo tangu sina mvi. Mwanamume akitoka jasho, nguo inabaki na chumvi. Ikikauka inakuwa ngumu mgongoni, ina mstari mweupe. Fulana yako ya wiki ya kwanza ilikuwa na chumvi, nikaishika nikamshukuru Mola. Baadaye nikaanza kuletewa fulana iliyoloa maji matupu. Naisuuza, haina kitu. Mfukoni mwa suruali makombo ya karanga. Nimejua siku zote."

"Ukanyamaza? Hata kwa daktari?"

"Kwa daktari nilikusitiri. Usiku wake sikulala, maana nilijua nimekusitiri kwa gharama ya roho yako. Kwa hiyo leo mchana tunarudi, utamwambia kweli kwa mdomo wako mwenyewe."

"Tutarudi." Mzee akainamisha kichwa. "Lakini mke wangu, mimi si mtu wa mazoezi. Umeona mwenyewe. Sina hiyo nguvu. Nimeshindwa."

Sasa nisikilizeni, ndugu zangu, nisikilizeni sana. Yule mama akageuka akamtazama kama mtu aliyesikia jambo la ajabu.

"Huna nguvu?" akasema. "Wewe? Ulitoka siku ya mvua, mimi nimejifunika shuka. Ulitoka siku ya Idi. Ulitoka una mafua. Hakuna mtu katika mtaa huu aliyeamka kama wewe. Kuamka unajua, kuvaa raba unajua, kutoka nje unajua, na jua halijakutangulia hata siku moja. Kazi yote ngumu umeshaifanya, Baba Mwanaidi. Umeifanya kila siku kwa ajili ya uongo! Kilichobaki ni kona tu."

Akavuta ile fulana kutoka mgongoni mwa mumewe, akaenda nayo kwenye beseni. Bombani hakukuwa na maji, akatumia yale ya akiba kwenye pipa. Akasugua yale mabaka ya kahawa mpaka yakafifia, akaianika. Jioni, walipotoka kwa daktari kusema kweli, akaikunja akaiweka juu ya raba zake, mahali pake pa siku zote.

Alfajiri yule bwana akatoka. Akafika kwenye kona, akasimama. Upande wa kushoto harufu ya kahawa inamwita kwa jina. Upande wa kulia ni kilima kile kile, hakijapungua.  Aliporudi nyumbani hakukimbia na hakuhema kwa makusudi, maana pumzi yenyewe hakuwa nayo. Mkewe hakumwambia pole. Akaipokea fulana, akaiweka puani, akafumba macho.

"Hii sasa," akasema, "ni ya kufua."

Ndugu zangu, kisa changu kimekwisha, lakini sisi hatujaisha.

Tunajidanganya kwamba hatuna nguvu ya kudumu kwenye jambo jema. Nguvu tunayo! Hebu fikiria jasho la kweli analotoka mtu ili aonekane ana jasho. Mwingine amekaa na msahafu mapajani saa nzima, hesabu za duka zinamzunguka kichwani. Saa si ameitoa? Baba amekaa sebuleni na wanawe kama alivyoahidi, macho yako kwenye simu. Kukaa si amekaa? Na wewe uliyeambiwa na daktari utembee, raba zako zimekuwa za kwendea dukani kununua soda. Tunalipa gharama yote ya wema, ndugu zangu, kisha tunarudi nyumbani bila wema wenyewe. Hivi kuna hasara kubwa kuliko hiyo?

Na tunamdanganya nani? Yule mama alikuwa kiumbe tu, na aliijua ile fulana kwa kuishika. Sifananishi, Mola wetu hana mfano. Lakini ikiwa kiumbe anajua chumvi ya mtu wake, aliyekuumba hajui maji ya bomba na jasho? Anajua. Amejua siku zote, na amekusitiri mbele ya watu. Usidhani kusitiriwa ni kwamba hujaonekana.

Hata hivyo siwaambii haya ili mtoke hapa vichwa chini. Kumbukeni yule mama alifanya nini na fulana yenye mabaka. Hakuitupa. Aliifua, akaikunja, akaiweka juu ya raba.

Basi kesho alfajiri nasi tutaamkia hivyo hivyo, wewe na mimi, na fulana safi mlangoni ambayo hatukuistahili. Utaivaa, utatoka, utafika kwenye kona yako. Unaijua kona yako, sina haja ya kukutajia. Ukifika pale, ndugu yangu, kata kulia.

Haya, kachukueni kandambili zenu. Na wewe babu wa kwenye nguzo, nyumbani leo rudi kwa miguu.