Nani Ampe Jina Mtoto wa Mize?

Sogeeni karibu, na anayepeta mchele auweke ungo chini, maana mwishoni nitawauliza neno na nitataka jibu.

Huko Pemba, katika kijiji kilichozungukwa na mikarafuu, palikuwa na nyumba yenye watu watatu wenye vipaji. Bi Kazija, mwenye nyumba, alijua kupika mafuta ya nazi yakatoka maangavu kama maji ya kisima. Binti yake, Mwanakheri, alikuwa na sauti laini ya chinichini, ukiisikia unasahau ulikokuwa unakwenda. Na mwanawe, Makame, mpasua mawe, alikuwa na mikono mizito kwa jiwe lakini myepesi kwa kila kilicho dhaifu.

Mke wa Makame aliitwa Mize. Yeye hakusifiwa kwa kipaji chochote. Alikuwa na mtoto tu.

Mtoto mwenyewe, wa kike, alizaliwa kabla ya wakati wake, ngumi zimekunjwa, mwili umekakamaa. Alilia mpaka sauti ikamkauka, na akipewa ziwa alinyonya kidogo akaliachia. Hospitali walimpima, wakasema hana ugonjwa, apewe joto na subira. Siku ya kupewa jina ikapita, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kulitamka. Mize akakonda. Alikwenda huku na huku chumbani kama mtu anayetembea ndani ya maji, na mara nyingine aliuona ukuta unapumua.

Asubuhi moja alijibwaga mkekani, akasema watu wote wakasikia, "Atakayemtuliza mwanangu, huyo ndiye atakayempa jina. Wallahi sibadilishi."

Bi Kazija alikalia mbuzi akakuna nazi, akakamua tui, akalichemsha kwa moto mdogo mpaka mafuta yakapanda juu. Akayachuja kwa kitambaa, akayaacha yapoe yabaki na uvuguvugu, akayatia kwenye kibakuli.

Mwanakheri alifunga mlango nusu ili mwanga upungue, akaketi kichwani pa mtoto. Akaanza kuimba, wimbo usio na maneno, wa kupanda kidogo na kushuka kidogo. Nje mvua ilikuwa inanyesha juu ya makuti, ikawa kama inamwitikia.

Makame alisita. "Mama, mikono hii ina magaga. Nitamkwaruza."

"Ichovye, mwanangu. Nayo inataka kulainishwa."

Akaichovya, akaisugua mpaka ikapata joto. Akamshika mtoto mguu, akaukanda taratibu kutoka pajani kwenda unyayoni, kisha wa pili. Tumbo akalizungushia kiganja bila kulikandamiza. Mgongo akaupapasa kama anayefuta vumbi kwenye kioo.

Mize aliyatazama hayo yote kwa mbali, kama mtu aliye ng'ambo ya usingizi. Chumba kilinukia nazi. Sauti ya wifi yake na mvua vilichanganyika, hata asijue ipi ni ipi. Akaona ngumi ya mwanawe inafunguka, kidole kimoja kimoja. Mtoto akapiga mwayo, akanyonya mpaka akashiba, akalala. Mize naye akalala palepale, na alipoamka akakuta mtu amemfunika kanga.

Sasa, huenda mmoja wenu ameshachagua. Ngojeni.

Kesho yake Makame alikwenda kazini, Bi Kazija akamkanda mtoto mwenyewe huku Mwanakheri akiimba. Mtoto akalia. Siku nyingine Mwanakheri alishikwa na mafua, sauti hana. Mafuta yalikuwapo, mikono ilikuwapo, na mtoto akakakamaa. Kisha mafuta yakaisha, Makame akajaribu kwa mikono mitupu, wimbo ukiendelea. Mtoto akapiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza. Lakini walipokusanyika wote watatu, alitulia, na baada ya muda mashavu yakajaa.

Ndipo siku ya kutimiza ahadi ikafika. Wakakaa mkekani, mtoto amelazwa katikati, anachezesha vidole.

Bi Kazija alisema, "Kabla ya Makame nilizaa binti, Mwanakombo. Nilimzika kabla hajajua kucheka. Tangu siku ile hakuna aliyelitaja jina lake humu ndani. Nataka niliite, niitikiwe."

Mwanakheri aliinamisha kichwa. "Mimi nina jina nililomwekea mwanangu tangu naolewa. Raufa. Miaka imekwenda, wifi yangu, na wewe unajua sikujaliwa mtoto. Likikosa nafasi hapa, sina pengine pa kuliweka."

Makame alikohoa. "Mimi sidai kwa kuwa ni baba. Siku uliyojifungua, Mize, niliambiwa nijiandae kuwapoteza nyote wawili. Nikakaa nje nikisema neno moja tu mpaka mlipotoka. Salama. Basi nataka aitwe hivyo."

Mize akamtazama Bi Kazija, mavyaa yake, akamtazama wifi yake, akamtazama mumewe, na kila uso aliuona una haki. Akamnyanyua mtoto, akamlaza kifuani, akaegemeza midomo kwenye sikio lake dogo ili amnong'oneze jina.

Wote watatu wakatega masikio.

Haya, ninyi mliosikia: mafuta, sauti, mikono. Lau ungekuwa wewe ndiye Mize, ungemnong'oneza jina gani? Na wale wawili waliobaki, ungewatazamaje usoni?