Mama A na Mtoto Aliyesimama Mwishoni

Paukwa!

"Pakawa!"

Nimesikia sauti mbili, na hapa mmekaa watatu. Kiangi, makande hayaivi kwa kuchunguliwa. Funika sufuria, ukae. Mbonea, sukuma kuni ndani. Naetwe, wewe nakujua, ukianza kulia katikati ya hadithi nitanyamaza. Haya, tena. Paukwa!

"Pakawa!"

Sasa pamekuwa. Hapo zamani za kale, kabla mtoto yeyote hajajua kuandika jina lake, palikuwa na nchi iliyoitwa Ubaoni. Ardhi yake ilikuwa nyeusi, tambarare, haina hata jani. Na waliokaa huko hawakuwa watu. Walikuwa herufi.

"Herufi zinakaa wapi, Shangazi?"

Kwenye nyumba, Mbonea. Zilikuwa na nyumba, zilichota maji, zilisengenyana kisimani. Ukitaka hadithi ya watu, watu umewazoea, nenda kawatazame barabarani.

Wakati ule herufi zote zilikuwa kubwa. Walikuwa akina mama. Mama A, Mama B, Mama D, mpaka unamfikia Mama Z. Baba zao msiniulize, na mimi sikuambiwa.

Mama A ndiye aliyekuwa mrefu. Kichwa chembamba juu, miguu miwili imeachana chini, na mkanda kiunoni. Akisimama, amesimama. Alikuwa mzuri, na alijua kwamba ni mzuri, na kujua huko ndiko kulikomponza.

Basi akina mama wale wakajifungua. Aliyewazalisha alikuwa mkunga Chaki, bibi mweupe, mpole. Kila akizalisha, anapungua. Akizalisha mmoja anapungua kidogo, akizalisha mwingine anapungua tena, wala hakuwahi kulalamika.

Na mtoto wa herufi akizaliwa hana sura. Huwa nukta. Nukta tu, unaiweka kiganjani. Mama hajui kama atakuwa mrefu au mfupi, mnyoofu au wa kupinda. Hata ninyi mlizaliwa mmekunjamana, hamkuwa na sura ya mtu.

Sasa nukta zile zilipokuwa bado changa, likaja Zimwi Dasta.

"Lina meno?"

Halina, Kiangi, na ndiyo maana linatisha. Lina mgongo wa mti na tumbo la sufu. Halitafuni. Linapita tu, fyu, fyu, na likishapita panabaki vumbi jeupe. Uliyekuwa unaongea naye hayupo.

Akina mama wakakimbia na nukta zao. Pembezoni mwa Ubaoni palikuwa na ukuta wa mawe wenye nyufa, na kila mama akaficha mtoto wake kwenye ufa. Kabla ya kumwacha, kila mama alimnong'oneza mtoto sauti yake, asije akaisahau. Mama S akasema sss. Mama M akasema mmm. Semeni na ninyi.

"Mmm."

Na Mama A akainama mpaka chini, maana ufa aliobakiziwa ulikuwa mfupi sana, akasema aaa.

"Aaa."

Taratibu, Mbonea. Alikuwa anamuaga mwanawe, hakuwa anaita mbuzi.

Kisha akina mama wakakimbilia mbali. Zimwi Dasta likakaa Ubaoni miaka na miaka, likipita huku, likirudi kule. Watoto wakakua ndani ya nyufa. Aliyepata ufa wa mviringo akawa mviringo. Aliyepata ufa wa kona akawa na kona. Mtoto wa Mama A hakuweza kunyoosha miguu wala kuinua kichwa, ule ufa haukuwa na nafasi. Akajikunja, akajikunja, akawa na tumbo la mviringo na kijiti kifupi cha kuegemea ubavuni. Akawa a mdogo. Kila jioni alijisemea aaa, aaa, asije akaisahau.

Siku ikafika, Zimwi Dasta likajaa vumbi lake lenyewe, likakohoa, likaondoka. Akina mama wakarudi, watoto wakatoka. Lakini nani amtambue nani? Mkunga Chaki, ambaye angesema huyu wa huyu na yule wa yule, alikuwa ameisha. Alizalisha mpaka mwisho wake akabaki unga.

Mtawala wa Ubaoni aliitwa Rula. Mwembamba, mnyoofu, hajawahi kuinama hata kumsalimia mtoto. Rula akasema, "Kila mama amchukue anayefanana naye." Akaona amemaliza.

Kwa wengine ilikuwa rahisi. Mama O akamwona o, akamkumbatia. Mama S akamwona s. Mama U, Mama V, Mama W, Mama Z, wote wakaondoka na watoto wao wanacheka. Ukimwona mama umemwona mtoto, ila mmoja mkubwa na mmoja mdogo.

Kwa wengine ikawa kazi. Mama B ana matumbo mawili, mtoto b ana moja. Mama R ana kichwa na mguu wa kutupa mbele, r ni kijiti chenye kamkono. Na Mama D, masikini, tumbo lake linatazama huku, la mwanawe linatazama kule. Wamepeana migongo kama waliogombana. Lakini Mama D alikuwa na akili. Alifumba macho akasema, "Mwanangu, niite." Akasikia sauti aliyoiacha ufani. Akamchukua d wake bila kumtazama mara mbili.

Akabaki Mama A. Alikuwa anatafuta mtoto mrefu, kichwa juu, miguu imeachana, mkanda kiunoni. Hakuna. Ndipo a mdogo akamwendea, akasimama mbele yake, akaimba:

*Mama A, mama A,*
*nilikuwa nukta kiganjani mwako.*
*Ufa ulikuwa mfupi, nikajikunja.*
*Sauti ni ileile, aaa, aaa.*

Moyo wa Mama A ulishtuka. Nataka mlijue hilo, aliisikia ile sauti. Lakini Mama Z alikuwa karibu, na Mama Z ana mdomo. Akasema, "Shoga, urefu wote huo ukazaa kibuyu?" Wenzao wakacheka. Mama A akaona aibu, akasema, "Si wangu. Nioneshe miguu yangu iko wapi kwake."

A mdogo akaondoka.

"Alikuwa mbaya huyo mama."

Hakuwa mbaya, Naetwe. Aliogopa kuchekwa. Wabaya ni wachache duniani, wanaoogopa kuchekwa ndio wengi.

Asubuhi yake a mdogo akaja mlangoni kwa Mama A na mzigo wa kuni. Akautua, akabisha hodi, akaimba. Imbeni naye.

"Mama A, mama A, nilikuwa nukta kiganjani mwako. Ufa ulikuwa mfupi, nikajikunja. Sauti ni ileile, aaa, aaa."

Mama A akafungua. Akamkaribisha, akamkalisha kwenye kigoda cha wageni, akampa uji kwenye bakuli la wageni, akamwambia, "Ahsante kwa kuni, mtoto wa watu." A mdogo akanywa uji wote. Alipoondoka, Mama D akaingia.

"Dada, yule ni wako."

"Umejuaje?"

"Nimemsikia. Wangu mimi ananipa mgongo mpaka leo, lakini akiniita najua. Fumba macho, dada, umsikilize."

"Nikifumba macho mimi, wenzangu kisimani watafumba?"

Mwenye kutafuta macho ya watu haoni kwa macho yake.

Mara ya tatu, wanangu, sipendi kuisimulia. A mdogo alifikiri, akaona kosa ni lake. Akachuna kamba ya mgomba, akajifunga kiunoni, ndio mkanda. Akatafuta vijiti viwili akaviegemeza chini ya tumbo lake, ndiyo miguu mirefu. Akatembea hivyo njia nzima, anayumba, anaanguka, anajiokota. Akafika mlangoni. Akajinyoosha kadiri alivyoweza, na mgongo uliokulia ufani ulimuuma, akasema, "Mama, sasa je?"

Mama A akamtazama. Akadhani ametumwa na Mama Z.

Akasema, "Nani amekufundisha kunidhihaki?"

Akafunga mlango.

A mdogo hakuimba siku hiyo. Alifungua kamba, akaiweka chini, vijiti navyo akaviweka chini, akaenda kwa Rula.

Naetwe, nilisema nini? Futa machozi. Hata mimi inaniuma, na nimeisimulia kabla hamjazaliwa.

A mdogo akamwambia Rula, "Baba, nipe mahali ambapo hakuna atakayeniuliza mama yangu ni nani." Siku hizo watu wa nchi jirani walikuwa wameanza kuja Ubaoni kuomba majina ya watoto wao. Rula alikuwa ameweka sheria: jina la mtu litangulizwe na mama mmoja, mkubwa, wa kuliongoza, na nyuma yake wafuate watoto. Na tena, herufi ikishasimama kwenye jina haiondoki. Ikiondoka, jina linaanguka, na mwenye jina hataitwa na mtu.

Rula akasema, "Kaa mwishoni. Mwishoni hakuna anayetazama."

Akaja mwanamke na kichanga mgongoni. Akaomba jina la Adelina. Rula akamwita Mama A asimame mbele. Mama A akafurahi, kusimama mbele kunampendeza. Akatengeneza mkanda wake, akaachanisha miguu, akatazama mbele. Hakugeuka kuona nani wanajipanga nyuma yake. Akaja d, akaja e, l, i, n. Na mwisho wa mstari, kimyakimya, akaja a mdogo.

Mwanamke yule akamshusha mwanawe mgongoni, akamwinua, na watu wote waliokuja naye wakaliita jina kwa pamoja. Liiteni.

"Adelina."

Liiteni vizuri, liishe.

"Adelinaaa."

Hapo. Mama A alikuwa anatazama mbele, na hakuna Mama Z wa kumtazama, wala hakuna sura ya kuitazama. Ilikuwepo sauti tu. Akasikia sauti yake inatoka nyuma, kule mwisho kabisa. Ile aliyoinong'ona ufani. Majuto ni mjukuu, na kwake yalikuja siku hiyo.

Alitaka kugeuka. Mguu mmoja aliuinua kabisa.

Rula akasema, "Ukitoka hapo jina linaanguka."

Mama A akamwona yule kichanga mikononi mwa mama yake. Amefumbua macho, anatazama watu waliomwita. Mguu ukabaki juu.

Akamnong'oneza d aliye nyuma yake, "Mwambie aliye mwishoni kwamba mama yake amemsikia. Mwambie mama yake anakuja."

D akampa e maneno hayo. E akampa l. L akampa i, i akampa n, n akampa a. Kisha maneno yakaanza kurudi, n akampa i, i akampa l, l akampa e, e akampa d, na d akasema:

"Anasema usigeuke. Mtoto wa watu atakosa jina."

Mama A akaurudisha mguu chini.

"Si wangeshuka mwenye jina akilala?"

Mtu analala, Mbonea. Jina halilali.

"Na akifa?"

Hata akifa, jina lake linabaki na wale waliokuwa wakimwita. Wako pale hadi leo, mama mbele na mtoto nyuma, na wenzao katikati. Kuonana hawaonani. Kusikiana wanasikiana, kila jina linapoitwa.

Basi mkiandika jina, mtangulizeni mama, mkubwa, halafu wafuate watoto. Ukiweka mama kila mahali, umewafukuza watoto. Ukimwondoa mama pale mbele, umewaacha yatima. Na usiseme huyu hafanani na yule, basi si wake. Kuna wanaofanana na kuna wasiofanana, na wote wana mama. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na mlezi asiyesikiliza hulea macho ya jirani.

Hadithi yangu naitua hapo, mzigo sasa ni wenu. Ila mkienda kumwita mtu, msimeze mwisho wa jina lake. Yuko mama amesimama mbele, hawezi kugeuka, na huo mwisho ndio anaousubiri.