Koplo Longino Aenda Kuposa

"Posa haipigiwi kwata." Hivyo ndivyo Mzee Ndunguru alivyomwambia mjukuu wake aliyekuwa akiwaharakisha wakwe kwa jibu. Vijana waliokuwa wakipukuchua mahindi naye wakataka kujua msemo huo ulitoka wapi. Mzee akaweka gunzi chini. Ulianzia hapahapa Songea, akasema, mwaka ule askari waliporudi kutoka vitani Bama, ng'ambo ya bahari.

Walirudi na mablanketi, vyeo na maneno. Mgeni wa kazi yoyote akawa kuruta, kuchota maji kukawa fatiki, na kulinda shamba dhidi ya nguruwe kukaitwa doria. Koplo Longino Mapunda alirudi pia na kwata, yale mazoezi ya kutembea kwa hatua moja. Jeshini alikuwa amejifunza kwamba jambo likipangwa mstari haliharibiki.

Basi alipotaka kumposa Leokadia, binti wa Mzee Haule, hakutaka kubahatisha. Siku moja tu baada ya siku aliyopanga kwenda, fundi seremala wa misheni naye angeleta posa, na mbele ya seremala Longino alikuwa na blanketi tu. Kwa juma zima akawapigisha kwata wajomba zake watano pamoja na mshenga, baba yake mkubwa Tadei.

"Mwanangu," Tadei alilalamika, "posa huenda na watu wanaokohoa njiani."

"Baba mkubwa, unaanza na mguu wa kushoto."

Siku ikafika. Wakaingia uani kwa Haule kwa mstari, fimbo begani, vumbi likitimka. Longino alijaa fahari, mpaka alipoona mlango wa nyuma ukifunguka, na Haule, wanawe watatu na mbwa wao wakipotelea kwenye mtama. Hatua za namna ile walizisikia mara ya mwisho wakati wa vita, askari walipokuja kuchukua watu wapelekwe jeshini.

Nje alibaki Bibi Otilia, mama yake Haule, ambaye hakuweza kukimbia.

"Haya, safari hii mnamtaka nani?"

"Leokadia, bibi," Longino akajibu, mikono imenyooka mapajani.

"Mmefikia kuchukua wasichana. Vita gani hiyo?"

"Si vita, bibi. Ni posa."

Bibi akamgeukia mshenga. "Na wewe, Tadei, na mvi zako zote?"

"Nilimwambia. Goti langu ni shahidi."

Longino akaona posa yake ikipotelea kwenye mtama pamoja na mkwe. "Bibi, tufanyeje? Kesho anakuja seremala."

"Nyuma geuka," akasema bibi, maana amri zile hata yeye alikuwa amezizoea. "Rudini mpaka kijitoni, mje kama watu. Mmoja asimame kuongea na jirani, mwingine aulizie mvua. Haule akiona mnachelewa, atajua ni wakwe."

Wakaja hivyo, ikachukua mpaka alasiri. Kwa Longino, aliyekuja nyuma ya wote, kutembea ovyo kulikuwa kugumu kuliko kwata. Kila mara miguu yake ilitaka kulingana na ya wenzake. Haule akatoka shambani, majani ya mtama nyweleni, akaketi kana kwamba hakwenda popote, akauliza habari za mvua. Tadei akazieleza kwa kirefu. Ndipo Leokadia akaitwa na kuulizwa kama anawafahamu wageni.

"Nawafahamu," akasema. "Yule wa mwisho ndiye aliyemkimbiza baba."

Akacheka, kila mtu akacheka, na Haule mwenyewe mwisho wa wote. Seremala alipofika kesho yake, jibu lilikuwa limekwisha kutolewa.

Tangu hapo, mtu akilisukuma kwa amri jambo la kubembelezwa, huambiwa: posa haipigiwi kwata.